Maswali ya Wasomaji: Kuhakiki Komiki za Mashujaa na za Kutisha, Toleo kwa Toleo

Tangu ukurasa huu uanze kuhakiki matoleo mapya ya komiki za Marekani, zile za mashujaa wenye nguvu za ajabu na zile za kutisha, barua nyingi zinazotufikia zimekuwa zikiuliza habari za uhakiki wenyewe kuliko habari za komiki. Safari hii nimezijibu barua hizo peke yake. Zilizokuwa ndefu nimezifupisha, na majina ya waliozileta nimeyaacha.

Ndugu Mhakiki, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa chuo na huandika tahakiki za komiki katika jarida letu. Juzi niliandika kuhusu toleo la kwanza la The Immortal Hulk la kampuni ya Marvel, nikasimulia kisa chote tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwenzangu aliposoma alisema kwamba sasa hana haja ya kuisoma komiki yenyewe, na mhariri alinirudishia makala akisema nimeandika muhtasari. Nikikiondoa kisa, nitabaki na nini cha kuandika? — Msomaji, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Utabaki na komiki yenyewe. Kisa ulichokisimulia kingeweza kuwa hadithi fupi gazetini au mchezo wa redioni, na muhtasari wako usingebadilika hata neno moja. Kwa hiyo mhariri wako ameona sawasawa. Toleo lile, lililotoka Juni 2018, liliandikwa na Al Ewing, likachorwa kwa penseli na Joe Bennett, likatiwa wino na Ruy José na rangi na Paul Mounts. Kisa chake kinatoshwa na sentensi mbili. Bruce Banner, mwanasayansi anayegeuka kuwa jitu liitwalo Hulk, anapigwa risasi katika kituo cha mafuta na kijana aliyekuja kuiba, na watu wengine wawili wanauawa pamoja naye, mmoja wao msichana wa miaka 12. Usiku unapoingia, maiti yake inainuka ikiwa Hulk, na Hulk anakwenda kumtafuta aliyeua. Ukiishia hapo utakuwa umemfungulia msomaji mlango. Ukieleza muuaji alifanywa nini utakuwa umemmalizia uhondo alioutolea fedha zake.

Baada ya sentensi hizo mbili ndipo kazi inapoanza. Jiulize ni kwa njia gani kiumbe unayemjua tangu utotoni, jitu la kijani linalovunja magari, ameweza kukutia hofu upya. Mimi nilipolisoma toleo hilo niliona kwamba watungaji wamemtoa Hulk katika kazi ya shujaa wakampa kazi ya mzimu. Hazungumzi kwa kelele, hujitokeza nusu akiwa gizani, na hutisha zaidi anapotabasamu kuliko anapobomoa ukuta. Hayo yanatokana na maamuzi ya mchoraji na mtia rangi: amesimamishwa wapi ndani ya fremu, yaani kisanduku cha picha, mwanga unampiga usoni kutoka upande gani, na ni kiasi gani cha mwili wake kimeachwa nje ya mstari wa fremu ili msomaji akijazie mwenyewe. Chagua fremu moja au mbili, eleza kilichochorwa na jinsi kilivyokugusa, na msomaji wako atajua hofu ilikotoka hata kama hajaiona komiki.

Halafu kuna historia, ambayo katika komiki za mashujaa haiwezi kuachwa kabisa, kwa kuwa wahusika wake wana umri mkubwa kuliko wengi wanaowaandika. Katika toleo la kwanza la mwaka 1962, Stan Lee na Jack Kirby walimfanya Hulk awe wa kijivu, na alikuwa akigeuka jua linapotua. Kijivu hicho hakikutoka sawasawa mitamboni, ukurasa huu kikiwa cheusi na ule kikiwa cheupe, kwa hiyo tangu toleo la pili akapakwa kijani. Baadaye hasira ikachukua nafasi ya usiku. Mfululizo ule wa mwanzo ulisimamishwa baada ya matoleo 6 tu. Anayejua hayo anaona kwamba Ewing amerudi kwenye wazo lililoachwa mapema mno, na anaweza kuhukumu kama kurudi huko kumezaa kitu. Kwa maoni yangu kumezaa sana, kwa sababu usiku unaipa hadithi saa yake: kila mchana unaochorwa, msomaji anajua unaelekea wapi, na wasiwasi unaanza kabla hakijatokea kitu. Ndiyo maana mfululizo huo uliweza kufika matoleo 50, hadi mwaka 2021, bila kuipoteza hofu hiyo.

Nakushauri ulisome kila toleo mara tatu. Mara ya kwanza soma kama anayesoma kwa raha zake. Mara ya pili usisome maneno hata kidogo, fuata picha peke yake, uone kama kisa kinaeleweka. Mahali utakapokwama, ama mchoraji ameteleza, ama mwandishi ameyatwisha maneno mzigo ambao ungebebwa na picha, na hilo ni jambo la kuandikwa. Mara ya tatu tazama ukubwa wa fremu, kubwa ziko wapi, ndogo ziko wapi na kwa nini. Ukifanya hivyo utakuwa na mengi ya kusema kuliko nafasi uliyopewa.

Ndugu Mhakiki, uliwahi kuandika kwamba toleo fulani la kutisha «limepangwa vizuri kwa ajili ya kugeuza ukurasa». Mimi nililisoma toleo hilohilo kwenye simu na sikuona jambo kama hilo. Je, sisi tunaosomea kwenye simu tunaruhusiwa kuhakiki? — Msomaji, Dar es Salaam

Mnaruhusiwa, lakini inafaa mjue ni kitu gani hakipo mikononi mwenu. Fungua komiki ya karatasi uitazame. Ukurasa wa kulia una namba witiri, na wa kushoto una namba shufwa. Unaposoma ukurasa wa kushoto, jicho lako linachungulia wa kulia hata kama hutaki, kwa sababu zote mbili zimelala mbele yako. Sehemu pekee iliyofichika kwa kweli ni ile iliyo nyuma ya ukurasa wa kulia. Wachoraji wa hadithi za kutisha wanalijua hilo vizuri. Fremu ya mwisho chini ya ukurasa wa kulia huwekwa swali, labda mkono ulioshika kitasa cha mlango, au mtu aliyekodoa macho akitazama kitu ambacho sisi hatujakiona, na jibu huwekwa juu ya ukurasa wa kushoto unaofuata. Kati ya swali na jibu kuna kitendo cha mkono wako mwenyewe. Wewe ndiye unayekifungua kile kinachokutisha, na ungeweza kutokifungua. Filamu haina uwezo huo, kwa sababu filamu inasonga mbele mtazamaji akitaka asitake.

Mfano mzuri ni toleo la kwanza la The Walking Dead, la Oktoba 2003, lililoandikwa na Robert Kirkman na kuchorwa na Tony Moore. Katika ukurasa wa kwanza askari polisi Rick Grimes anarushiana risasi na mhalifu na anapigwa. Unageuza, na unamkuta peke yake kitandani hospitalini. Dunia nzima imeharibika katika muda ule wa kugeuza karatasi moja, wala hapana neno lililoandikwa kueleza siku ngapi zimepita. Mfululizo huo ulichapishwa kwa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu, na Charlie Adlard, aliyeupokea tangu toleo la 7, aliuchora hadi toleo la 193 lililoufunga mwaka 2019; mbinu hiyo ya kugeuza ukurasa ilitumika mpaka mwisho na bado ilikuwa na nguvu. Katika komiki za Kijapani, ambazo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, mahali pa kujificha pamegeuka upande, na mchoraji Junji Ito amepatumia kwa namna ambayo msomaji anajikuta akiogopa karatasi yenyewe.

Sasa tuje kwenye simu. Huduma ya kuuza na kusomea komiki mtandaoni ya comiXology, iliyoanzishwa mwaka 2007 na kununuliwa na Amazon mwaka 2014, ndiyo iliyowazoesha wengi kusoma fremu moja moja, unagusa kioo na fremu inayofuata inajaza skrini. Usomaji wa namna hiyo una faida yake, kwa sababu kila fremu inakuwa siri kwa ile iliyoitangulia. Hasara yake ni kubwa zaidi, na watu wachache huitaja: fremu zote zinakuwa na ukubwa mmoja. Kijifremu cha jicho la mtoto, ambacho mchoraji alikibana kwenye pembe, kinajaza skrini sawasawa na lile zimwi lililopewa ukurasa mzima, na hapo zimwi linakuwa limenyang'anywa ukubwa wake. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, rudi mwanzo uzitazame kurasa nzima nzima, mbili mbili kama kifaa chako kinaweza, na katika tahakiki yako useme wazi kwamba umesomea kwenye simu. Msomaji ana haki ya kulijua hilo, kama anavyopaswa kujua kwamba mtu anayehakiki mchezo wa kuigiza aliusikiliza akiwa nje ya ukumbi.

Nyongeza moja kwa wenye karatasi: kurasa za matangazo zinaweza kuisukuma hadithi hata fremu ya siri ikaangukia upande usio wake, na kosa hilo hurekebika matangazo yanapoondolewa katika kitabu cha mkusanyiko. Msimlaumu mchoraji kabla ya kuhesabu kurasa.

Mheshimiwa Mhakiki, mwanangu wa miaka 11 amekuja nyumbani na komiki yenye picha ya maiti jaladani. Baba yake anataka ichomwe moto. Nimesikia kwamba hata huko Marekani komiki hizi ziliwahi kupigwa marufuku. Nizisomeje tahakiki zenu ili nijue ipi inamfaa mtoto? — Mama, Mombasa

Mama, nakuomba usiichome kabla hujaisoma wewe mwenyewe, na hili silisemi kwa wepesi. Mwaka 1948 komiki zilichomwa moto hadharani huko Spencer, West Virginia, na Binghamton, New York, na watoto wa shule ndio waliozikusanya. Moto ule haukumsaidia mzazi yeyote kujua kilichokuwa ndani yake.

Kuhusu marufuku, serikali ya Marekani haikuzipiga marufuku, ila wachapishaji walijifunga wenyewe kwa kuogopa kufungwa na sheria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya EC, iliyokuwa chini ya William Gaines, ilikuwa ikiuza sana hadithi za kutisha. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alitoa kitabu kilichodai kwamba komiki zinawafanya watoto kuwa wahalifu, na Aprili mwaka huohuo Gaines alihojiwa mbele ya kamati ndogo ya Seneti mjini New York. Seneta Estes Kefauver alimwonyesha jalada lenye mtu aliyeshika shoka na kichwa cha mwanamke kilichokatwa, akamuuliza kama hilo ni jambo la staha. Gaines alijibu kwamba kwa jalada la komiki ya kutisha, ndiyo. Jibu hilo lilimgharimu. Kabla mwaka haujaisha wachapishaji walikuwa wameunda kanuni zao na muhuri wa kugongwa jaladani, na kanuni hizo zilikataza hata maneno yenye maana ya hofu na kitisho yasiwemo katika jina la komiki. Mizimu inayokula maiti, wanyonya damu na wafu wanaotembea wote wakafukuzwa. Uingereza nayo ilitunga sheria yake mwaka 1955. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, mtafiti Carol Tilley, aliyepitia makabrasha ya Wertham, alionyesha kwamba daktari huyo aliupindisha na kuukuza ushahidi wake.

Kanuni hizo zililegezwa mwaka 1971, Marvel ikajitoa mwaka 2001, na kampuni za DC na Archie zikajitoa mwaka 2011. Tangu hapo kila kampuni huweka alama zake yenyewe, na muhuri mmoja wa wote haupo tena. Kwa DC, kwa mfano, ukiona jina Black Label jaladani, ujue kitabu hicho ni cha wenye umri wa miaka 17 na zaidi. Tazama pia jina EC, ambalo shirika la Oni Press lililirudisha mwaka 2024 kwa kushirikiana na warithi wa Gaines; kazi hizo ni za watu wazima, hata kama michoro yake inamkumbusha mtu vitabu vya zamani vya watoto.

Lakini alama ya umri haikwambii hofu yenyewe ni ya aina gani, na hapo ndipo sisi wahakiki tunapowiwa na wazazi. Kuna hofu ya damu, ambayo mtoto wa miaka 11 anaweza kuicheka. Kuna hofu ya kuachwa peke yake, isiyo na tone la damu, ambayo inaweza kumkosesha usingizi wiki nzima. Na kuna hadithi ambazo watoto wenzake ndio wanaodhurika: Something is Killing the Children, ya James Tynion IV na mchoraji Werther Dell'Edera, ni kazi ninayoiheshimu sana, na singempa mtoto wa umri huo. Kuanzia mwezi ujao kila tahakiki ya hadithi ya kutisha katika ukurasa huu itasema waziwazi hofu yake inatoka wapi. Barua yako ndiyo iliyonifanya nione kwamba tulikuwa tumeliacha jambo hilo.

Kaka, mimi niko Minneapolis na kila Jumatano hupitia duka la komiki nikitoka kazini. Toleo moja lina majalada manane, na kila baada ya muda hesabu inarudi namba 1. Je, katika tahakiki mnatakiwa kuhukumu na hayo? — Msomaji, Minnesota

Majalada ya ziada ni habari ya biashara, na mhakiki anaweza kuyapita. Toleo la kurasa 20 au 22 ambalo wewe hulinunua kwa dola 3.99 au 4.99 lina hadithi ileile hata likivikwa majalada mia. Mengine hupatikana kwa sharti tu, kwamba duka liagize nakala 25 za jalada la kawaida ndipo lipewe moja la nadra, na mwenye duka hufidia gharama hiyo kwa kuliuza bei ya juu. Wapenzi wa zamani wanakumbuka X-Men namba 1 ya mwaka 1991, ya Chris Claremont na Jim Lee, iliyotoka na majalada matano na kuuzwa zaidi ya nakala milioni 8. Nyingi zilinunuliwa na waliotaka kuziweka wazipandishie bei, na miaka michache baadaye soko likaanguka. Desemba 1996 Marvel yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika.

Namba 1 ni suala jingine, na hiyo nitaihukumu. Kampuni inapoandika namba 1 inamwahidi mgeni kwamba anaweza kuanzia hapo. Toleo likimtaka mgeni huyo awe amekwisha kusoma matoleo thelathini ya nyuma, ahadi imevunjwa, na tahakiki iseme hivyo hata kama michoro ni mizuri.

Bwana Mhakiki, sisi huku Lubumbashi tumezoea albamu za Ubelgiji zenye jalada gumu na kurasa 48, mtu anasoma hadithi ikaisha. Kwa nini mnahakiki vijitabu vyembamba ambavyo havina mwisho? Si bora kusubiri mkusanyiko? — Msomaji, Katanga

Najua mnatoka katika utamaduni wenye mizizi. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, amechora albamu zinazosimama sawa na za Wabelgiji wenyewe. Hata hivyo albamu na toleo ni vyombo viwili tofauti. Toleo la mwezi limetungwa kwa ajili ya kungoja. Sisi tuliokua tukisoma hadithi za picha za gazeti la Sani tunaijua nguvu ya neno «itaendelea». Ule muda wa kungoja, watu wakibishana kijiweni juu ya kitakachofuata, ulikuwa sehemu ya hadithi. Katika komiki ya kutisha kungoja huko kunakuwa kukubwa zaidi, maana msomaji anaachwa na hofu yake mwezi mzima bila kuonyeshwa mlango wa kutokea.

Hatari ya kuhakiki mapema ipo, siikatai. Komiki ile ya Tynion na Dell'Edera niliyoitaja hapo juu ilipoanza Septemba 2019 ilikusudiwa iwe ya matoleo matano tu, kisha ikaendelezwa. Aliyehukumu toleo la kwanza kama sehemu moja ya tano ya kisa kidogo alikuwa akipima kitu ambacho hata watungaji wake walikuwa hawajakijua ukubwa wake. Kwa hiyo mimi huhukumu kile tu kilichomo katika kurasa za toleo: limenipa tukio lililokamilika, limenijulisha mtu ninayemjali, limeniacha na swali ninalotaka kulijibu? Utabiri wa mwisho wa hadithi siuandiki.

Ndugu Mhakiki, nimesikitishwa na jinsi ulivyolisifu toleo la kwanza la Absolute Batman. Batman ni tajiri. Ukimwondolea jumba la kifahari na fedha umebaki na mtu mwingine kabisa. Je, mhakiki hana wajibu wa kulinda asili ya shujaa? — Msomaji, Nairobi

Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu najua inatoka kwa mtu aliyeishi na mhusika huyu miaka mingi. Nakubaliana nawe kwamba mabadiliko ya kushtua watu tu ni upuuzi, na nimeyakosoa mara kadhaa. Ila kipimo changu ni kutazama kama badiliko limeshuka mpaka kwenye mchoro au limebaki katika tangazo la kuuzia.

Katika toleo lile la Oktoba 2024, lililoandikwa na Scott Snyder na kuchorwa na Nick Dragotta, Bruce Wayne ni mtoto wa mwalimu aliyeuawa, mama yake yu hai, na badala ya mtumishi wa nyumbani Alfred ni jasusi anayemfuatilia kwa mbali. Angalia matokeo yake kwenye karatasi. Batman tajiri alikuwa na magari na vifaa, kwa hiyo mwili wake ungeweza kuchorwa mwembamba na mwepesi. Huyu hana kitu, basi Dragotta amempa mwili mkubwa kupita kiasi, mabega yanayojaza fremu mpaka pembeni, na nembo ya popo kifuani inang'oka ikawa shoka. Silaha zake ni zile anazoweza kuzivaa. Umaskini umekuwa umbo, na Frank Martin amelipaka jiji rangi zinazoonyesha kwamba mtu huyu amekulia mitaani humo na hajashuka kutoka mlimani kuja kuliokoa. Lingekuwa toleo lenye Bruce maskini lakini michoro ileile ya kawaida, ningeandika maneno makali kuliko yako.

Na asili unayotaka ilindwe, nadhani imelindwa. Bado ni mtoto aliyeuliwa mzazi na hakuweza kuiacha siku ile. Ulichopoteza ni jumba, nami naelewa kwamba ulilipenda. Matoleo yenye jumba yanaendelea kutoka kila mwezi katika mfululizo wake wa kawaida.

Ndugu Mhakiki, kwa nini unajaza tahakiki kwa majina ya watia wino na watia rangi? Mwandishi na mchoraji hawatoshi? — Msomaji, Tanga

Hawatoshi. Gene Colan alichora matoleo yote 70 ya The Tomb of Dracula, ya mwaka 1972 hadi 1979, kwa penseli laini yenye vivuli vinavyoyeyukiana, na vivuli vya namna hiyo haviwezi kuchapwa mpaka mtu mwingine avigeuze kuwa mistari ya wino. Tom Palmer ndiye aliyeifanya kazi hiyo katika sehemu kubwa ya mfululizo, na ukungu unaouona ukimzunguka Dracula ni wa mikono miwili. Mwandika herufi naye ndiye anayeamua jicho lako lipite wapi kabla halijakifikia kitu cha kutisha. Kiputo kimoja cha maneno kikiwekwa vibaya, siri imetoboka.

Sababu nyingine ni ya haki. Toleo la 27 la Detective Comics, la Mei 1939, lilimleta Batman kwa wasomaji, na hadithi hiyo iliandikwa na Bill Finger. Kwa miongo mingi jina lililochapishwa kama la muumbaji wa Batman lilikuwa la Bob Kane peke yake. Finger alifariki mwaka 1974. Kampuni ya DC ilikubali rasmi kuliweka jina lake kando ya la Kane mwaka 2015.